Madogo isitegemee ng'ambo kwa kila kitu

Abiria wa basi kati ya Nairobi na Garissa huijua Madogo kwa kizuizi cha polisi: basi husimama, watu hushuka na kupanga foleni, vitambulisho mkononi. Enzi za mikoa, daraja la mto Tana lililo karibu lilitenganisha Pwani na Kaskazini Mashariki. Leo linatenganisha kaunti ya Tana River, iliko Madogo, na kaunti ya Garissa.

Kwa mwenyeji, awe Mmunyoyaya anayelima na kuvua kando ya mto au mfugaji wa Kiorma au wa Kisomali, mpaka huo haujamzuia kuvuka. Mgonjwa akizidiwa hukimbizwa hospitali ya rufaa ya Garissa. Mwenye mbuzi wa kuuza huwapeleka soko la mifugo la huko huko. Makao makuu ya kaunti yake, Tana River, yako Hola, zaidi ya kilomita 100 kusini.

Ujirani huo ni mwema hadi mto unapofura. Mvua ikizidi nyanda za juu na mabwawa ya umeme ya Seven Forks, yaliyo juu mtoni, yakafurika, maji hushukia huku. Novemba 2023 yaliikata barabara ya Madogo kwenda Garissa pale Kona Punda. Aprili 2024 yakaikata tena. Malori yalikwama, watu wakavuka kwa mashua. Mashua moja iliyojaa abiria ilipinduka. Msalaba Mwekundu ukaokoa watu 23, wengine wakapoteza maisha.

Mafuriko ya Tana si mageni. Ya 1961 na ya El Nino ya 1997 bado yanasimuliwa. Kwa hiyo hakuna afisa anayeweza kudai ameshtukizwa.

Katiba imegawa kazi waziwazi. Barabara kuu ni ya serikali ya kitaifa: iinue tuta la Kona Punda na kuongeza njia za maji chini yake. Afya na maji ni kazi ya kaunti: Hola ihakikishe Madogo ina huduma kamili ya uzazi na upasuaji wa dharura, na maji safi yasiyokatika mto ukichafuka. Mizozo ya mpaka kati ya kaunti hizi mbili isiwe kisingizio cha kuchelewesha lolote kati ya hayo.

Mama mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kungoja maji yapungue. Kazi ianze wakati wa kiangazi, kabla mashua hazijageuka tena kuwa ambulansi.