Chandarua Chetu, Mnunuzi wa Mbali

Sisi wa Machame tunapoteremka tambarare kulima mahindi, tunauacha ubaridi wa kihamba na kuingia penye mbu. Chandarua tunachokibeba huenda kimefumwa Arusha, katika kiwanda cha A to Z, kilichoanza mwaka 1966 kwa kutengeneza nguo. Mwaka 2003 kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani ilikipa kiwanda hicho, bila kudai mrabaha, ujuzi wa kuchanganya dawa ndani ya uzi wenyewe, hata chandarua kisihitaji kuchovywa tena na tena. Maelfu walipata ajira, wengi wao wanawake. Hilo twalisifu bila kusita.

Lakini kupewa ujuzi si kupewa soko. Wanunuzi wakuu wa vyandarua hivi wamekuwa wafadhili wa nje. Mwanzoni mwa mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake, tulitambua jinsi sahihi moja ya ng'ambo inavyoweza kutikisa ujira wa mfumaji wa Arusha na usingizi wa mtoto wa Kahe.

Je, bajeti ya Taifa hutenga kiasi gani kununua vyandarua vinavyofumwa nchini? Twawaomba viongozi wa walei walifikishe swali hili kwa wabunge kabla bajeti haijasomwa mwezi Juni.