Fundi wa Programu za Mitambo na Riziki Yake

Bongwe, nyuma ya hoteli za Diani, na katika vijiji vinavyoteremka kusini hadi Msambweni na Ramisi, wako vijana waliosomea umeme na kompyuta ambao hawajapata pa kuajiriwa, na ajira za hotelini zilizopo hupanda na kushuka pamoja na misimu ya watalii, hasa masika yaingiapo na vyumba vikabaki vitupu. Upo ufundi unaoweza kumlisha kijana wa namna hiyo bila ya kuhama kwao, nao ni uandishi wa programu pachikwa, yaani maagizo yanayotiwa ndani ya kompyuta ndogo ya kipande kimoja, iitwayo maikrokontrola, ambayo huongoza pampu, jokofu, mita au taa pasipo mtumiaji kujua kuwa ndani yake mna kompyuta. Lakini anayetaka kuufanya ufundi huo kuwa riziki ya kujitegemea yampasa afahamu mapema kwamba anayeuza programu akaondoka hulipwa mara moja, na anayejifunga kuhakikisha mtambo hausimami hulipwa kila mwezi.

Ushahidi wa jambo hili umo Kwale kwenyewe, kaunti ya pwani ya Kenya yenye vijiji hivyo, nao ni wa visima. Mnamo miaka ya 1980 pwani ya kusini ilikuwa uwanja wa majaribio ya pampu za mkono, na majaribio ya Kenya na Malawi ndiyo yaliyozaa pampu ya Afridev, iliyobuniwa makusudi ili wanakijiji waweze kuitengeneza wenyewe kwa zana chache. Hata hivyo, wepesi wa kutengenezwa haukuwa dhamana ya kutengenezwa kwa wakati, kwa kuwa pampu ikiharibika, fundi alichelewa kupata habari, kipuri kilikuwa mbali, na kamati ya maji ilianza kuchanga fedha baada ya ndoo kukauka. Katika mwongo wa 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford na washirika wao wa Kenya walitia ndani ya mpini wa pampu kifaa chenye kihisi cha mwinamo, ambacho huhesabu jinsi mpini unavyopanda na kushuka, kikakadiria maji yaliyotoka, kisha kikapeleka hesabu hiyo kwa ujumbe mfupi wa simu. Katika majaribio ya Kyuso, kaunti ya Kitui, muda wa pampu kukaa bila kutengenezwa ulishuka kutoka takriban majuma manne hadi chini ya siku tatu, na huduma ya FundiFix, iliyofanya kazi Kitui na Kwale, ikaugeuza ujuzi huo kuwa mapatano: jamii hulipa ada, na mafundi huwajibika kuirudisha pampu kazini upesi.

Yafaa kutazama thamani ilitoka wapi katika mpango huo. Kifaa cha ndani ya mpini hakipandishi hata tone moja la maji, na programu yake ingeweza kuandikwa na watu wengi. Kilichowafaa wanakijiji ni kwamba habari ya kuharibika ilimfikia mtu aliyekwisha kulipwa ili aende. Mpango huohuo una funzo la pili lisilopendeza, nalo ni kwamba ada za vijijini peke yake hazikutosheleza gharama, ikabidi fedha za wafadhili zijazie. Kwa hiyo fundi asiye na mfadhili hana budi kuanza na mteja ambaye kusimama kwa mtambo humtia hasara iliyo wazi: hoteli yenye kisima kinachoanza kuvuta maji ya chumvi kikipampiwa kupita kiasi, mfanyabiashara wa samaki mwenye chumba cha barafu, au mfugaji wa kuku mwenye mashine ya kutotolea mayai, ambaye umeme ukikatika usiku bila ya yeye kujua hupoteza kazi ya majuma matatu.

Watakuwapo watakaosema kwamba ushindani hauwezekani, kwa sababu bodi za elektroniki zilizo tayari huja kutoka China kwa bei ambayo fundi wa Ukunda hawezi kuifikia. Hoja hiyo ni ya kweli kuhusu bodi, na kwa sababu hiyo fundi asishindane kwa kuunda bodi. Azinunue, azifunge vizuri, aziandikie programu inayoyajua mazingira ya hapa. Hewa ya bahari hula viungio vya shaba, umeme hupungua nguvu kabla ya kukatika, na mtandao wa simu hupotea na kurudi. Mtengenezaji aliye ng'ambo hatakuja Galu kwa ajili ya swichi moja iliyoota kutu. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na ukaribu na mteja ni mtaji ambao bidhaa ya bei nafuu haina.

Wajibu wa kudumisha hubadilisha hata uandishi wenyewe. Betri ya miliampia-saa 2,400 huisha kwa saa 120, yaani siku tano, ikiwa kifaa kinakula miliampia 20 mfululizo. Lakini programu ikikilaza kifaa na kukiamsha kwa dakika chache tu, wastani ukashuka hadi miliampia 0.2, kwa hesabu betri hiyohiyo hufika siku 500, ijapokuwa joto na uchakavu hupunguza muda huo. Anayeuza na kuondoka haoni tofauti ya hesabu hizo mbili, ilhali anayelipia mwenyewe safari ya kwenda Vanga kubadilisha betri huiona mara moja. Huyo pia hatasahau saa ya ulinzi, ambayo ni sehemu ya maikrokontrola inayoianzisha programu upya ikikwama, wala hatajifunga kwa teknolojia moja ya simu, maana Telstra ya Australia ilizima mtandao wake wa 2G mwaka 2016 na AT&T ya Marekani ikafuata mapema mwaka 2017, na vifaa vilivyoutegemea vikanyamaza vyote.

Katika bei ndipo wengi wanapoangukia. Tuseme fundi ataka kubakiwa na shilingi 60,000 kila mwezi, akagawa kwa siku 20 za kazi na kutoza 3,000 kwa siku. Hesabu hiyo inasahau kwamba karibu nusu ya siku zake zitakwenda katika kutafuta wateja, kujifunza, kusubiri vipuri na kudai malipo. Ikiwa katika siku 240 za mwaka zinazolipwa ni 120, atapata 360,000, na zana, usafiri na vipuri vikila 240,000, atabakiwa na 10,000 kwa mwezi. Ili apate alichokusudia, lazima siku 120 zizae 960,000, yaani 8,000 kwa siku, na sehemu ya fedha hizo yafaa itoke katika ada za uangalizi za kila mwezi, ambazo humvusha katika miezi isiyo na kazi mpya.

Mapatano nayo yaandikwe. Yataje mtambo utafanya nini na utajaribiwa vipi kabla ya kupokewa, malipo ya awali ni kiasi gani, na fundi atafika kwa muda gani baada ya kuitwa. Yataje pia mwenye programu, kwa maana Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huchukulia kwamba haki ya kazi iliyoagizwa huhamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zimepatana vingine. Fundi asiyeandika neno juu ya hilo aweza kujikuta hana haki ya kutumia kwa mteja wa pili sehemu za programu aliyoitunga kwa wa kwanza. Na kifaa chochote kinachorusha mawimbi ya redio au ya simu kiwe na idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kabla ya kuuzwa.

Basi vijana wa Bongwe, Gombato na Msambweni wenye ujuzi huu waanze na mtambo mmoja wa mteja mmoja, waudumishe mwaka mzima pasipo kumwangusha, kisha watafute wa pili kwa ushahidi wa wa kwanza. Vyuo vya ufundi viwafundishe wanafunzi kutengeneza kilichoharibika baada ya miezi sita ya jua na chumvi, badala ya kuwapa alama kwa kifaa kilichowaka siku ya mtihani peke yake. Na wenye hoteli na kaunti, wanunuapo mitambo, waulize kabla ya bei ni nani aliye karibu atakayewajibika ikisimama. Wakiuliza hivyo kila mara, kazi ya kuwalisha mafundi hao itakuwapo.