Kratz na bei ya kusubiri

Safari ya mdakaji wa besiboli, Erik Kratz, inadhihirisha jinsi ligi ndogo za Marekani zilivyoishi kwa subira ya wachezaji. Toronto Blue Jays walimchagua mwaka 2002, lakini aliingia Ligi Kuu Julai 2010, akiwa na Pittsburgh Pirates na umri wa miaka 30. Alihama klabu baada ya klabu hadi alipostaafu mwaka 2020, kwani kila timu huhitaji mdakaji wa akiba anayejua kumwongoza mrushaji.

Hata hivyo, kuhitajika si kulipwa. Wachezaji wa ligi ndogo walipata chama mwaka 2022. Mkataba wa 2023 ukapandisha kima cha chini, katika daraja lao la juu, kutoka dola 17,500 hadi 35,800 kwa mwaka. Kratz alikuwa ameshastaafu.