Makocha wanapita Msimbazi, ofisini nani anaulizwa?

Ligi ya msimu wa 2023/24 imekwisha, hesabu zimefungwa. Yanga wamebeba ubingwa wa tatu mfululizo wakiwa na pointi 80. Azam wamemaliza wa pili. Simba, Mnyama mwenyewe, ni wa tatu. Pointi zake ni 69, sawa kabisa na za Azam, lakini ilipofika kuhesabu mabao ya kufunga na kufungwa, Mnyama akaachwa.

Pita Kariakoo, pita Tandika, pita vijiwe vya bodaboda kule Mbagala. Stori ni moja. Mwenye jezi nyekundu amenuna, na ukimchokoza kidogo tu anaanza kutaja watu anaotaka waondoke. Huyu anamtaka mwenyekiti aachie ngazi. Yule anasema bodi yote ivunjwe. Mwingine anasema tatizo ni straika, aletwe straika yaishe.

Hasira hizo ni halali kabisa. Mtu aliyelipa kiingilio msimu mzima, akanunua jezi halisi kwa pesa ya kubana matumizi, akasafiri na basi usiku kucha kuifuata timu mkoani, ana haki ya kukasirika. Tatizo letu ni pale hasira zinapokosa anuani. Zikikosa anuani, zinaishia kwa mtu wa karibu zaidi, na mtu wa karibu zaidi siku zote ni kocha.

Hebu tuhesabu pamoja. Didier Gomes aliwapa Simba ubingwa wa 2020/21, ule wa nne mfululizo. Oktoba 2021 akaondoka. Akaja Pablo Franco, hakumaliza hata mwaka. Akaja Zoran Maki katikati ya 2022, Septemba tayari hayupo. Timu akaachiwa Juma Mgunda. Januari 2023 akaja Robertinho, Novemba akatupiwa virago. Akaja Abdelhak Benchikha, Aprili 2024 akaaga kwa sababu za kifamilia. Timu ikarudi tena kwa Mgunda, akamalizia msimu.

Kwa hiyo tangu Gomes aondoke hadi mwisho wa msimu wa 2023/24, makocha wanne wa kigeni walipita, na mzawa mmoja aliitwa mara mbili kuzima moto. Hiyo ni chini ya miaka mitatu. Wapo waliofukuzwa na wapo walioondoka wenyewe, tuseme ukweli. Lakini katika muda wote huo, ubingwa wa ligi Msimbazi haujaonekana.

Sasa jiulize. Kama umebadilisha dereva mara nne na gari bado linazimika njiani, tatizo ni dereva?

Turudi Novemba 5, 2023. Najua hakuna shabiki wa Simba anayependa kuikumbuka siku ile. Yanga 5, Simba 1, Uwanja wa Benjamin Mkapa. Siku mbili baadaye Robertinho hayupo. Kumbuka kuwa kabla ya jioni ile timu yake haikuwa imepoteza mchezo hata mmoja wa ligi msimu huo. Na wiki chache kabla walikuwa wamewabana Al Ahly kwenye African Football League, sare ya mabao 2-2 Dar es Salaam na 1-1 kule Cairo, wakatolewa kwa sheria ya mabao ya ugenini.

Sisemi Robertinho alikuwa malaika. Soka lake halikuwavutia wengi, na bao tano ni bao tano. Ninachosema ni kwamba tangazo la kumfukuza lilikuwa jibu la haraka, mashabiki tukashangilia, mjadala ukafungwa. Hakuna aliyebaki nyuma kuuliza kikosi kile kilijengwa na nani, kwa mpango gani, na kwa ajili ya kocha wa aina gani. Mzigo mzito akapewa Mnyamwezi, naye Mnyamwezi akapanda ndege kurudi Brazil.

Akaletwa Benchikha. Ukisoma wasifu wake huwezi kulalamika. Huyu ndiye aliyeipa USM Alger Kombe la Shirikisho Afrika 2023, tena fainali ile aliwafunga Yanga. Kamaliza miezi mitano tu Msimbazi. Katika miezi hiyo, Simba ilitolewa na Al Ahly robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, ikafungwa nyumbani na ugenini. Ikatolewa Kombe la FA na Mashujaa kwa penalti kule Kigoma. Ikafungwa tena na Yanga, 2-1. Kocha mzuri na asiye mzuri wote wamepita mlango uleule, matokeo yakawa yaleyale. Ndiyo maana nasema tuangalie waliobaki ndani.

Angalia usajili. Agosti 2021 Simba waliwauza Luis Miquissone kwa Al Ahly na Clatous Chama kwa RS Berkane, kwa mpigo. Hao ndio walikuwa injini ya timu. Kuuza si dhambi. Klabu kubwa zote duniani zinauza, na mchezaji naye ana haki ya kwenda kutafuta maisha. Swali ni nani alikuwa ameandaliwa kuziba nafasi zao. Jibu tuliliona uwanjani: msimu uliofuata ubingwa ukahamia Jangwani, na hadi mwisho wa msimu wa 2023/24 ulikuwa haujarudi.

Kisha ikawaje? Januari 2022 Chama akarudishwa. Katikati ya 2023 Miquissone naye akarudishwa, tukaenda kumpokea kwa shangwe, lakini aliyeshuka hakuwa yule tuliyemuaga. Klabu ikatumia nguvu na pesa kuirudia jana.

Njoo dirisha dogo la Januari 2024. Jean Baleke na Moses Phiri, washambuliaji ambao nyavu walikuwa wanazijua, wakaachwa waende katikati ya msimu. Wakaingia Freddy Michael na Pa Omar Jobe. Freddy amefunga mabao yake, tusimnyime haki yake. Lakini mwisho wa ligi, aliyeongoza kufunga Simba ni Saido Ntibazonkiza, kiungo mwenye umri wa miaka 37. Upande wa pili Stephane Aziz Ki kafunga mabao 21, na Feisal Salum wa Azam 19.

Nani alipendekeza wale waondoke? Nani aliidhinisha hawa waje? Kocha alitaka, au aliletewa? Haya si maswali ya uchochezi. Ni maswali ambayo mwanachama mwenye kadi anapaswa kupata majibu yake.

Na hapa ndipo penye shida yenyewe. Simba ya leo ina milango mingi. Kuna upande wa wanachama wenye asilimia 51, ambao mwaka 2024 uliongozwa na mwenyekiti waliyempigia kura, Murtaza Mangungu. Kuna upande wa mwekezaji wenye asilimia 49, ambao Mohammed Dewji aliahidi kuweka Sh20 bilioni. Kuna bodi, ambayo msimu wa 2023/24 ilikuwa chini ya Salim Abdallah 'Try Again'. Kuna ofisi ya mtendaji mkuu. Timu ikishinda, milango yote inafunguka na kila mtu anatoka kupiga picha. Timu ikifungwa, milango inafungwa, na anayebaki nje ya geti ni kocha peke yake na begi lake.

Mfumo wenyewe si mbaya. Haki itendeke: ni viongozi wa zama hizihizi walioipeleka Simba robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika 2019, 2021, 2023 na tena 2024. Ni zama hizi zilizoleta mataji manne ya ligi mfululizo. Asiyekumbuka hayo hana shukrani. Lakini mafanikio ya 2021 hayawezi kuwa kinga ya makosa ya 2024. Mkulima aliyevuna vizuri mwaka juzi bado anaulizwa mbegu gani amepanda mwaka huu.

Watani zetu wanajua somo hili kwa machungu. Miaka ile minne Simba inabeba ubingwa, Yanga ilifika hatua ya kutembeza bakuli ili mishahara ilipwe. Walifukuza makocha na wao, sana tu. Kilichobadilika kwanza haikuwa benchi la ufundi, ilikuwa ofisi. Pesa zikapata mpangilio, usajili ukapata mwenyewe, na Nasreddine Nabi akaachwa afanye kazi kwa zaidi ya miaka miwili, hata baada ya kuukosa ubingwa msimu wake wa kwanza. Alipoondoka 2023 akaja Miguel Gamondi, na timu haikuanza moja. Kocha alikuta nyumba imesimama, akabadilisha mapazia tu.

Gharama ya haya yote si aibu ya vijiweni peke yake. Kwa nafasi ya tatu, msimu wa 2024/25 Simba ilicheza Kombe la Shirikisho. Msimu wa 2023/24, timu iliyofika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa ililipwa na CAF dola 900,000. Iliyofika robo fainali ya Shirikisho ililipwa dola 550,000. Hatua ileile, safari zilezile, tofauti ya dola 350,000. Pesa hizo zimepotea kwa mabao machache ambayo washambuliaji wetu hawakuyafunga. Ukitaka kujua bei ya maamuzi ya Januari, anzia hapo.

Sasa tufanye nini?

Kwanza, tuache kudai vichwa bila kudai maelezo. Kiongozi akijiuzulu kesho bila kueleza kilichoharibika, atakayekuja atarithi kiti na makosa yake. Tunachotaka ni taarifa ya msimu, iliyoandikwa, isomwe mbele ya wanachama: tulisajili nani, kwa pendekezo la nani, ametoa nini, na mikataba mingapi imevunjwa kwa gharama gani.

Pili, usajili uwe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina na sura. Awe mtu wa mpira, aitwe mkurugenzi wa ufundi au jina lolote mtakalo, lakini awe na madaraka ya kweli. Akipatia tumpigie makofi. Akikosea tujue pa kumuuliza. Kamati ya watu wengi haijawahi kukosea, kwa sababu kila mmoja wao atakwambia yeye alipinga.

Tatu, kocha ajaye apewe kikosi anachokitaka, halafu apewe muda wa kukijenga. Ukimletea kocha wachezaji asiowachagua, usimdai matokeo uliyoyachagua wewe.

Na sisi mashabiki tujitazame. Kila mwaka ni hadithi ileile. Mei tunalia, Juni tunatukana, Julai tunakimbilia uwanja wa ndege kumpokea mchezaji ambaye hata video zake hatujamaliza kuziangalia. Agosti inafika Simba Day, uwanja unajaa, burudani inapigwa, kikosi kinatambulishwa kwa mbwembwe, na maswali yote ya Mei tumeyasahau. Viongozi wanalijua hilo. Wanajua wakivumilia kelele za wiki sita tu, tutanyamazishwa na jezi mpya.

Mwaka huu tusinyamaze. Sisemi tukarushe mawe pale Msimbazi, wala kumtukana mchezaji na familia yake kwenye simu. Huo ni uhuni, na unawapa viongozi sababu ya kutotusikiliza. Nasema tutumie kile ambacho mashabiki wa klabu nyingi kubwa za Ulaya wanakililia na hawana. Pale klabu ni mali ya tajiri, shabiki ni mteja. Hapa kwetu sheria inasema wanachama wabaki na asilimia 51. Wana mkutano mkuu, wana kura, wana haki ya kusimama na kuuliza.

Lakini asilimia 51 ya watu waliokaa kimya ni sawa na sifuri. Ukienda mkutanoni kwa nauli uliyolipiwa na mgombea, na kura umeshaiahidi kabla ya kusikia taarifa, basi usije tena kijiweni kulalamika kwamba viongozi hawafai. Wewe ndiye uliyewaajiri.

Kocha mpya atashuka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere. Atavishwa skafu, atasema amekuja kushinda kila kitu, na sisi tutampigia vuvuzela. Nenda kampokee, ni mgeni wetu, hana kosa. Ila kabla hujatoka nyumbani, fungua kabati uitafute kadi yako ya uanachama. Kama imeisha muda, ilipie. Kocha huyo anahitaji mtu wa kumlinda dhidi ya makosa ambayo hayajafanywa bado, na mtu huyo hayupo ofisini. Ni wewe.