Ndoa na Mfilipino ugenini: Harusi siku moja, kazi iko kwenye makaratasi

Ghuba imewakutanisha watu ambao kwa kawaida wasingekutana. Mlinzi kutoka Kakamega, mhudumu wa hoteli kutoka Tanga, muuguzi kutoka Cebu na keshia kutoka Davao wanapanda basi moja la kazini, wanakula kantini moja, na baada ya muda wengine wanaanza kuulizana swali zito: tunaoana wapi?

Kwenda Manila ni tiketi mbili na likizo ambayo bosi hajaidhinisha. Kwenda Nairobi au Dar es Salaam ni hivyo hivyo. Ndiyo maana wengi wanafikiria nchi ya tatu: ama hapo hapo wanapofanyia kazi, ama sehemu ambayo wageni wanaruhusiwa kufunga ndoa bila maswali mengi.

Habari njema ni kwamba kuipata harusi yenyewe kumekuwa rahisi. Habari mbaya ni kwamba sheria ya familia ya Ufilipino inamfuata raia wake popote aendako. Cheti cha ndoa cha Abu Dhabi au Hong Kong kinaweza kuwa halali kule kilikotolewa, halafu Manila kikawa si kitu.

Harusi imerahisishwa

Mwaka 2021 Abu Dhabi ilipitisha Sheria Namba 14, iliyoruhusu wageni wasio Waislamu kufunga ndoa ya kiserikali mbele ya idara ya mahakama. Si lazima wawe wakazi, hata watalii wanakubaliwa. Februari 2023 sheria ya shirikisho kuhusu familia za wasio Waislamu ikaanza kutumika Falme za Kiarabu. Kabla ya hapo wengi walitegemea kanisa au ubalozi, au walisafiri.

Hong Kong, yenye Wafilipino wengi wanaofanya kazi za ndani, haidai ukaazi pia. Wachumba wanatoa taarifa ya kutaka kuoana, wanasubiri angalau siku 15, na harusi inatakiwa ifanyike ndani ya miezi mitatu tangu taarifa ilipotolewa. Kwa walio karibu na pwani yetu, Seychelles nayo inawafungisha wageni ndoa za kiserikali.

Waislamu wana njia yao, mahakama za sharia. Hapo mwanamke Mwislamu hawezi kuolewa na Mfilipino Mkristo mpaka mwanamume asilimu kwanza.

Haraka ya wengi ina sababu. Katika nchi kama Qatar na Saudi Arabia, uhusiano nje ya ndoa ni kosa la jinai, na mimba ndiyo ushahidi wenyewe. Mwanamke akijigundua mjamzito, mazungumzo ya ndoa hayachukui miezi tena. Na haraka hiyo ndiyo inayofanya watu waruke swali la kwanza kabisa.

Je, mwenzako alishaolewa?

Ufilipino, ukiacha Vatican, ndiyo nchi pekee duniani ambayo haina talaka kwa raia wake walio wengi. Waislamu wa huko wanaruhusiwa talaka kwa sheria yao maalumu ya mwaka 1977. Wengine wote wanatakiwa waende mahakamani kuomba ndoa ibatilishwe, kesi ambayo ni ndefu na ya gharama. Bunge la Wawakilishi lilipitisha muswada wa talaka Mei 2024, lakini Seneti haikuupitisha mpaka Bunge hilo likamaliza muda wake mwaka 2025.

Matokeo yake ni kwamba Ghuba imejaa Wafilipino walioachana na wenza wao miaka mingi, wanaojiita single kwa nia njema kabisa, lakini kwenye rekodi za nchi yao bado ni wake au waume za watu.

Hapo kuna mtego ambao wageni hawaujui. Kama Mfilipino alikuwa ameoana na Mfilipino mwenzake, halafu wakapeana talaka Dubai, talaka hiyo haitambuliwi nyumbani kwao. Kama alikuwa ameolewa na mgeni, hali ni tofauti: kifungu cha 26 cha Sheria ya Familia kinamruhusu kuoa au kuolewa tena baada ya talaka ya nje. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ilisema hata kama Mfilipino ndiye aliyeidai talaka hiyo, inahesabika. Lakini bado inabidi mahakama ya Ufilipino iitambue kwanza. Karatasi ya talaka peke yake haitoshi.

Na kusilimu hakufuti ndoa ya kwanza. Wapo wanaodhani shahada inaanzisha ukurasa mpya. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Ufilipino ilimtia hatiani mwanamume aliyejitetea kwa hoja hiyo. Kosa la kuoa mke wa pili wakati ndoa ya kwanza ipo linabeba kifungo cha miaka 6 na siku moja hadi miaka 12, na anayekwenda kurudia harusi nyumbani Ufilipino ili wazazi washuhudie anaweza kuangukia humo humo.

Dawa ni karatasi moja inayoitwa CENOMAR, cheti cha kuthibitisha kwamba mtu hana ndoa iliyosajiliwa. Inatolewa na mamlaka ya takwimu ya Ufilipino, PSA, na huagizwa mtandaoni. Kama mtu aliwahi kufunga ndoa, badala ya cheti hicho inakuja taarifa inayotaja alioana na nani, lini na wapi. Kuomba kuiona mapema si kumkosea mwenzako heshima. Ni heri kuulizana sasa kuliko kuambiwa na karani.

Upande wetu nako si shwari

Hapa kuna jambo ambalo wanaume wa Afrika Mashariki hawapendi kulisikia. Kenya na Tanzania zinatambua ndoa za wake wengi, za kimila na za Kiislamu. Kwa hiyo mtu mwenye mke kijijini, aliyelipiwa mahari lakini hana cheti, anaweza kuona hana kizuizi chochote.

Ufilipino haioni hivyo. Kifungu hicho hicho cha 26 kinatambua ndoa zilizofungwa nje, isipokuwa aina kadhaa, na ndoa ya mke zaidi ya mmoja ni mojawapo. Mfilipina aliyeolewa mke wa pili na Mtanzania anaweza kuwa mke halali Tanzania, na asiwe mke kwa sheria ya kawaida ya kwao.

Anayeumia zaidi ni mtoto. Ndoa ikihesabiwa batili, mtoto wao kwa sheria ya Ufilipino anakuwa wa nje ya ndoa, na fungu lake la lazima katika urithi ni nusu ya lile la mtoto wa ndani ya ndoa.

Kwa Mkenya, karatasi ya kutafuta ni cheti cha kutokuwa na pingamizi kutoka kwa Msajili wa Ndoa, na maombi yanaanzia eCitizen. Kwa Mtanzania, mlango ni RITA. Mfilipino naye huomba ubalozi wake ulio katika nchi ya harusi umpe cheti cha uwezo wa kufunga ndoa. Tangazo hubandikwa siku 10 kabla hakijatolewa, kwa hiyo anayepanga harusi ya Ijumaa akaenda ubalozini Jumatatu amechelewa. Asiyetimiza miaka 25 aulize pia mapema, kwa sababu sheria yao inataka ridhaa ya wazazi kwa walio chini ya miaka 21, na ushauri wa wazazi kwa wa miaka 21 hadi 25.

Kisha kuna mihuri. Ufilipino iliingia kwenye mkataba wa apostili Mei 2019, nao Hong Kong, Oman, Seychelles, Burundi na Rwanda zimo. Kati ya nchi hizo muhuri mmoja unatosha. Karatasi ikitoka au kwenda nchi isiyokuwemo, inapita wizara ya mambo ya nje na ubalozi, na kila dirisha lina ada yake.

Baada ya picha

Watu wengi wakishapata cheti wanaona mambo yamekwisha. Kwa Mfilipino bado hatua moja: kuripoti ndoa kwenye ubalozi wa Ufilipino unaohusika na nchi ambako harusi ilifanyika. Ubalozi unaipeleka PSA. Ukichelewa sana utatakiwa kula kiapo na kueleza sababu.

Kutoripoti hakuifanyi ndoa kuwa batili. Ila PSA itaendelea kumwonyesha kama hajaolewa, hataweza kutumia jina la mume kwenye pasipoti, na siku ya viza, bima au msiba, mwenza atajikuta anathibitisha upya kwamba yeye ni mwenza. Anayetoka Ufilipino kumfuata mume au mchumba wa kigeni hupitia pia semina ya ushauri ya tume inayoshughulikia Wafilipino walio ng'ambo. Bila cheti cha semina hiyo, anaweza kuzuiwa uwanja wa ndege.

Uraia usichanganywe na harusi. Kenya inamruhusu mwenza wa raia kuomba baada ya miaka saba ya ndoa, na inakubali uraia pacha. Tanzania haikubali, hivyo Mfilipino anayetaka pasipoti ya Tanzania atalazimika kuiacha ya kwao.

Na ndoa ikivunjika? Mkenya akipata talaka Abu Dhabi anaweza kurudi nyumbani akaendelea na maisha yake. Mwenzake Mfilipino ataendelea kusomeka PSA kama mke wake, mpaka apeleke talaka hiyo mbele ya jaji wa kwao na jaji aikubali.