Viambatisho Visivyobisha Hodi

Hodi ni adabu ambayo Mswahili hufunzwa kabla ya kufunzwa kusoma. Ajabu ni kwamba sisi tunaoisomea lugha yake tunaisahau mara tu tunapoketi mbele ya tarakilishi. Barua pepe huja haina salamu wala maelezo, imebeba faili iitwayo "makala mpya 2", nayo imetumwa kwa darasa zima pamoja na wahadhiri. Mpokeaji akisie mwenyewe: ni tasnifu, ni ratiba, au ni balaa?

Wapo watakaodai kwamba suala hili ni la mafundi wa mitambo. Sikubaliani nao. Mnamo tarehe 4 Mei 2000, kirusi kilichoanzia Ufilipino kilienea duniani kikijifanya barua ya mapenzi. Kilikuja kama kiambatisho ambacho jina lake lilionekana kuishia kwa TXT, mithili ya matini ya kawaida, huku kiishio cha kweli, vbs, kikifichwa na programu ya Windows yenyewe. Kilipofunguliwa kilijituma kwa kila anwani iliyohifadhiwa humo, kwa jina la mwenye tarakilishi. Hakikuvunja kufuli lolote. Kilitegemea usomaji mbaya. Kichwa cha barua, sauti ya msemaji, muktadha: si hizi ndizo dhana tunazofundishwa katika uhakiki? Iweje basi msomi anayemtilia shaka msimulizi wa riwaya amwamini mtumaji kwa kuwa tu jina lake linafahamika? Huku Kericho na Bomet, karani wa kituo cha kununulia majani chai hutarajiwa kuyakagua kabla ya kuyapima, hata yakiwa ya jirani yake.

Hata hivyo, hatari inayonitia hofu zaidi haitoki Ufilipino. Mtafiti wa fasihi simulizi huketi na wazee wa Litein au Sotik, wakamsimulia mambo ya ukoo kwa imani. Kisha kwa kubonyeza "jibu wote" mara moja, rekodi, majina na nambari zao za simu huwafikia watu 40. Nimewahi kupokea kwa njia hiyo orodha ya alama za wanafunzi pamoja na nambari zao za vitambulisho. Aliyeituma aliomba radhi siku iliyofuata, faili haikurudi. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, lakini sheria haiwezi kuifuta faili iliyokwisha kupakuliwa na wengi.

Tena kuna uzito. Kiambatisho cha megabaiti 9 huwa kama 12 kikiwa njiani, na mwanafunzi aliye nyumbani Konoin hulipia data hiyo kutoka mfukoni mwake.

Chama chetu kingeanza na machache: matangazo na ikisiri ziandikwe ndani ya barua yenyewe, faili ipewe jina la mwandishi na mada, na rekodi za wahojiwa zisitumwe kwa kundi lolote. Kiambatisho kisipoelezwa, mpokeaji ampigie simu aliyekituma kabla ya kukifungua. Baadhi ya wenzangu huona kwamba kumpigia mhadhiri simu kwa jambo kama hilo ni utovu wa heshima. Mimi nadhani mhadhiri atashukuru kujua mapema kwamba jina lake linatembea bila yeye.