Kanda Iliyochelewa: Jinsi Mzaha Unavyonyamazishwa

Wengi wetu hudhani kwamba msanii hunyamazishwa kwa askari na pingu. Kisa cha Tom na Dick Smothers, ndugu wachekeshaji wa Marekani, chathibitisha kwamba karatasi ya ofisini hutosha.

Kipindi chao kilianza katika televisheni ya CBS mwezi wa Februari 1967, vijana wa nchi hiyo wakiwa vitani Vietnam. Septemba walimwalika Pete Seeger, mwimbaji aliyekuwa amefungiwa milango ya televisheni kuu kwa miaka mingi kwa ajili ya siasa zake. Wakaguzi wakaukata wimbo wake wa kupinga vita. Ndugu hao walilalamika hadharani, na Februari 1968 ukasikika. Baadaye mwaka huo Harry Belafonte aliimba mbele ya picha za ghasia za Chicago. Sehemu hiyo nayo ikafyekwa.

Kisha David Steinberg akatoa mahubiri ya mzaha juu ya Musa, na barua za hasira zikamiminika. Waumini walioudhika walikuwa na haki ya kuandika. Lakini hasira yao ikawa kisingizio: kampuni ikadai kila kanda iletwe mapema ili vituo vishirika viikague. Aprili 1969 kipindi kikafutwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba kanda ilichelewa.

Mwenye nguvu mara chache hukiri kwamba amechukizwa na maneno yako. Hutafuta tarehe, mhuri au leseni. Sisi Wakenya twaijua mbinu hiyo, kwani hadi marekebisho ya 1997 mikutano ya upinzani ilivunjwa kwa hoja kwamba haikuwa na leseni.

Ndugu hao walishtaki, na mwaka 1973 mahakama ikaona kwamba kampuni ilivunja mkataba. Walipewa fidia ya zaidi ya dola 700,000. Hata hivyo, haki hiyo ilikuja baada ya miaka minne, na fedha hazikuwarudishia watazamaji kile walichonyimwa.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 33, yalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Basi ndugu wasomaji, tusingoje marufuku itangazwe ndipo tuseme. Kila kanuni ndogo inapotajwa dhidi ya mchekeshaji, tuulize: je, yatumika kwa wote, au kwa wale tu waliothubutu kuwacheka wakubwa?